Sauti Yangu Inamwibia Wifi Yangu

Admin, usiweke jina langu wala picha, maana Maskati hii kila mtu anamjua mwenzake. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, nakaa Bawshar na mume wangu, watoto wameshaoa na kuolewa. Asili yetu Unguja, na nyumbani mpaka leo tunasema Kiswahili. Hicho Kiswahili ndicho kilichoniponza.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa na kampuni moja chakula cha bure hotelini, mimi, mume wangu na wifi yangu, dada yake, ambaye ni mjane. Tukatoka tumenunua wiki, sisi yetu na wifi yake: unalipa, halafu kila mwaka fleti ya mapumziko nje ya nchi inakuwa yako kwa wiki moja. Fleti tumeiona mara moja tu. Ada ya matunzo ndiyo tunayoiona kila mwaka, na kila mwaka inapanda. Mume wangu akachoka, siku moja akaniapia: "Ukitoa hata baisa moja tena kwa hiyo wiki, ujue ushaachika." Nikaona dawa ni kuiuza kimyakimya, nimletee fedha mkononi, anyamaze.

Basi akapiga kijana. Sikumtafuta, alinitafuta yeye, na tayari eti ana mnunuzi. Hapo tu ningekata simu. Lakini alianza na "Shikamoo, shangazi," Kiswahili cha kwetu safi, nikalegea. Nikamuuliza, "We mtoto wa nani?" Akacheka. Nikamrahisishia kazi mwenyewe, nikamtajia bibi mmoja wa Malindi ya kwetu Unguja: "Au ndo mjukuu wake?" Akajibu, "Naam, shangazi, huyo huyo." Mpumbavu mimi! Ningemtajia paka wangu angesema naam vilevile.

Akasema kuna ada ya uhamisho, ilipwe kwanza, na ilipwe upesi, mnunuzi asije akaghairi. Akaunti si ya kampuni, ni ya mtu. Nikauza bangili alizoniachia mama, nikapeleka. Kisha akaniomba sauti ya WhatsApp: "Shangazi, sema tu yako ishauzwa na umeridhika, wakubwa wangu wapitishe karatasi zako." Nikasema, tena kwa madaha: "Huyu mtoto wetu, msikhofu, yangu ishauzwa, alhamdulillahi." Haikupita muda ikaja kodi, nayo ilipwe kwanza. Nilipomwambia sina, akanifungia namba mpaka leo.

Jana Alhamisi jioni wifi akanipigia, furaha tele. "Wifi we, mbona ulinificha? Kijana kanitumia sauti yako, nikatulia. Uhamisho n'shalipa, Jumapili benki ikifunguliwa nnatoa ya kodi. Nnavunja ile akiba yangu ya Hija, wallahi, itarudi na zaidi."

Nikajikaza: "Ngoja kwanza wifi, usiharakishe."

Sauti yake ikabadilika. "Ala! Yako ishauzwa, yangu ndo n'ngoje? Husuda hiyo." Akakata simu. Na aliyemtoa wasiwasi ni mimi mwenyewe.

Sasa hakuna njia ya kumzuia ila kumwambia wazi kwamba sikuuza kitu, niliibiwa. Na yeye hana siri na kaka yake. Siku hiyo hiyo mume wangu atajua nimetoa fedha, na kile kiapo chake nakikumbuka neno kwa neno. Pengine hata sasa ninavyompikia si mke wake tena. Sithubutu kumuuliza shehe, maana mashehe tunaowajua wote ni jamaa zake. Nina hasira na yule kijana, na nina hasira zaidi kwa kuwa alinisalimia vizuri kuliko wanangu wa kuwazaa.

Nyinyi mnaosoma huku mkisema "mimi siwezi kuibiwa hivyo," kejeli zenu ziwekeni, mtanicheka baadaye. Leo Ijumaa, benki za huku zimefungwa mpaka Jumapili, na bado nimo ndani ya nyumba yangu. Niambieni kabla ya Jumapili: niseme niachike, au ninyamaze, mjane wa watu aitoe Hija yake kwa kuniamini mimi?