Kitwa Maji kwenye Boneti

Mwaka wa tisini na tano, magari ya Mji wa Kale, Mombasa, yalianza kutukanwa.

Si wenye magari. Magari yenyewe.

Mtu analaza gari lake safi nje ya mlango, akiamka anakuta boneti imechorwa tusi kwa msumari, herufi kubwa kubwa kama bango la duka.

Wengine wakasema majini. Wengine wakasema husuda.

Baba yangu, fundi Taib, hakusema kitu. Kazi yake ilikuwa kufuta. Alikuwa na kibanda chake mtaa wa Kuze, kopo la kompaundi ya kusugulia mikwaruzo, chupa ya polishi na vitambaa vya fulana kuukuu.

Mkwaruzo ukija, kwanza huupitishia ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukikwama, rangi imekatika hadi bati, hapo anakwambia katafute fundi wa rangi. Ukiteleza, anatabasamu na kufungua kopo.

Ukucha huo aliupitisha kwenye kila gari, hata la mwenye haraka ya kufa. Lishike hilo.

Mimi nilikuwa nimerudi na diploma yangu ya Kiswahili. Kazi sina, mdomo ninao. Nilishinda kibandani nikimfulia baba vitambaa na kuwasahihisha wateja.

Asubuhi moja ikaja Pijo ya buluu ya Bwana Samuel, wakala wa kutoa mizigo pale Kilindini, mtu wa bara aliyepanga ghorofa mtaani kwetu. Kwenye boneti: KITWA MAJI.

Kando ya Bwana Samuel alikuwa ameketi Musyoka, dereva wake, macho mekundu. Jana yake waligombana mbele ya watu. Bwana Samuel akaeleza kuwa anampeleka kituoni akamshtaki, ila neno lifutwe kwanza, maana hawezi kuegesha mbele ya polisi na ujinga umeandikwa usoni.

Nikawaza, huyu anakwenda kushtaki na ushahidi anaufuta. Aliyemwandika hakukosea sana.

"Na tazama," akasema huku anacheka, "hata kichwa hajui kuandika. Ati kitwa. Hiyo ni elimu ya darasa la tatu."

Musyoka akasema kwa sauti ndogo kwamba si yeye, na kwamba akifungwa hakuna wa kuwalisha wanawe.

Habari ya wanawe sikuisikia. Mimi nilikuwa bado kwenye kitwa.

"Hakuna kosa hapo, Bwana Samuel," nikamwambia. "Hicho ni Kimvita. Sisi kichwa twakiita kitwa, macho twayaita mato, tangu wewe hujajua bahari ina chumvi. Musyoka ni Mkamba wa Kitui. Angekutukana, angekutukana na ch yake."

Waliokuwa wakinywa kahawa jirani wakacheka. "Mpe, bint Taib," akasema mmoja.

Nikavimba kitwa.

Bwana Samuel hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Basi kama si yeye, ni mmoja wenu. Nani?"

Nikageuka kwa baba anisaidie.

Baba alikuwa ameshainama. Kitambaa mkononi, asugua mduara kwa mduara, nusu ya K imeshakwenda.

Hakupitisha ukucha.

Nikasogea, nikapitisha wangu juu ya MAJI. Ukateleza. Mwenye hasira huchimba hadi bati. Huyu aliujua unene wa rangi, akaikwaruza juu juu, kama anayeacha mlango bila komeo ili arudi.

"Baba," nikanong'ona. "Hukupima."

"Nyamaa, mwanangu." Hakuinua uso. "Nakuomba, nyamaa."

Hapo nikajua. Na Bwana Samuel alikuwa ameshamshika Musyoka mkono, anasema kama hapana jina jingine, wataenda kituoni kwa miguu.

Nikinyamaa, Musyoka analala ndani. Nikisema, sisi ndio wa kulala tumejifunika nyuso.

"Mwachie," nikasema. "Aliyeandika ndiye anayefuta."

Kahawa ikapoa mikononi mwa watu.

Baba aliendelea kusugua mpaka neno likaisha lote, maana kompaundi haiachwi ikakaukia kwenye rangi. Akapaka polishi, akafuta, boneti ikawa kioo. Nikaona uso wangu humo, nikatazama kando.

Kisha akanigeukia mimi, si mwenye gari.

"Mkwaruzo mtupu mtu huuzoea, hutembea nao mwaka mzima. Neno halizoeleki. Asubuhi yake yuko hapa, na pesa mkononi."

Ndipo nikaelewa kwa nini sufuria yetu ilikuwa imeanza kunukia samaki tena. Matusi yale nilikuwa nimeyala, kwa wali wa nazi, nikajiramba vidole.

Musyoka alirudi nyumbani kwake. Kesi ikamalizwa na majirani, bila polisi. Lakini hakuna gari lililokuja tena kibandani. Mama akawa anakwenda Mtaa wa Biashara kwa njia za nyuma, buibui limeshushwa hadi puani. Mimi nikipita barazani, maneno yalikatika, kisha yakaanza upya, habari ya mvua.

Kama wataka funzo, ni hili: ukiunoa ulimi wako, usidhani utakata nyumba za watu tu.

Kila Idi shangazi hunishika mkono, ati nikamtake radhi baba kwa kumvua nguo hadharani. Haya ninazo hadi leo. Nikipita Kuze nainamisha uso. Baba nampelekea chakula, nakaa naye, nacheka naye.

Radhi siombi.