Ukingo Ulioshonwa kwa Mizizi

Jua halijachomoza mtaani Katuba, na Alphonse Mutale tayari amesimama kijitoni, maji yakimfika magotini. Anapachika jiwe jeusi, masalia ya shaba iliyoyeyushwa kiwandani, kati ya mizizi miwili ya mtini. Analisukuma kwa bega. Halitikisiki. Anatabasamu kama mtu aliyesalimiwa.

Juu ya ukingo, Mama Honorine, mjane anayeuza unga, amefunga vyombo vyake ndani ya shuka. Leo anakuja karani wa ardhi. Hati ya kiwanja inadai mwenye nyumba awe na “perré” kando ya maji. Asipokuwa nayo, atahama kabla ya mvua kubwa.

Alphonse ni mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga. Naye alitengeneza matuta ya reli mpaka vita vilipokata njia, na mshahara pia. Mapigano ya Desemba iliyopita yalipotulia, aliokota magunia ya mchanga yaliyoachwa barabarani, akaanza kuzuia ukingo huu wa kiwanja cha Honorine, uliokuwa ukiporomoka.

“Simenti haikuwa,” anasema. “Nikachomeka vijiti vya mutini katikati ya mawe. Mizizi ikashona yenyewe.”

Karani, kijana aitwaye Godefroid, anafika na viatu vinavyong’aa. Anatazama huku na huku.

“Perré iko wapi, papa?”

“Unasimama juu yake, tata karani. Chunga viatu!”

Honorine anacheka, kisha anajiziba mdomo.

Karani hacheki. Magunia hayahesabiwi, anaeleza kwa upole. Kwenye hati, neno hilo ni mawe yaliyopangwa juu ya mteremko wa ukingo na kushikamana nao, maji yasiweze kuyachukua. Simenti haikutajwa.

“Lakini ishikamane, mama. Mawe ya kutupatupa, hapana.”

Anavua viatu, anakunja suruali, anashuka. Anavuta jiwe. Anavuta jingine, kwa mikono miwili. Kisha anainama.

Mizizi myembamba kama uzi imepenya magunia yaliyochakaa, ikazunguka kila jiwe, ikazama kwenye udongo mwekundu. Karani anaupitishia mmoja kidole, polepole, kama anayegusa shavu la mtoto mchanga.

“Nani alikufundisha hii?”

“Hakuna muntu. Hata miye nashangaa. Kila asubui nakuja, nakuta imeshika zaidi.”

“Basi,” karani anasema, “nitaandika perré.”

Honorine anaketi palepale kwenye majani na kuanza kufungua fundo la shuka. Fundo linakataa, analivuta kwa meno.

Alphonse hasherehekei. Anatazama chini kidogo, kwenye kiwanja cha jirani, Mama Brigitte, ambako udongo umemeguka hadi karibu na jiko.

“Maji tuliikatalia huku, sasa inakula kwa Brigitte,” anasema, akikata matawi ya mtini. “Ni miye niliituma kule. Nikipanda leo, na mvua ikiningojea kidogo tu, na yeye atalala kwake.”