Unyayo Kwenye Ghala la Unga

Niliwahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya unyayo ambao haukuwa wangu.

Nilikuwa nakanda unga kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Kazi yenyewe niliisotea mwaka mzima, na nyumbani nalea wadogo zangu wawili, kwa hiyo niliiheshimu kuliko mchumba.

Asubuhi moja bosi akatuita ghalani. Kwenye unga uliomwagika sakafuni kulikuwa na alama ya mguu mtupu. Mguu mtupu kwenye ghala la chakula, na kesho yake mkaguzi wa afya anakuja.

"Aliyeingia hivi anaondoka leo," akasema.

Tukainama kuangalia. Unyayo wote ulikuwa umelala chini, kuanzia kisigino hadi vidole, bila ule upinde wa katikati, na kidole gumba kimewaegemea wenzake.

Watu wakanigeukia mimi.

Kazini naitwa Bata. Nina nyayo bapa tangu utotoni na sijawahi kuficha. Nikitembea, mguu unalalia ndani, goti linaufuata, nyonga nayo inaenda hukohuko, na jioni kiuno ndicho kinachobeba lawama. Viatu vyangu huisha upande wa ndani wakati wa nje bado mpya. Fundi viatu wangu akiniona kwa mbali anatabasamu, na si kwa sababu ya sura.

"Sijaingia humu," nikasema.

"Tutapima."

Ujanani bosi alifanya usaili wa jeshi, na huko walikanyagishwa karatasi kwa miguu yenye maji ili wenye nyayo bapa warudishwe nyumbani. Alifaulu. Hadithi hiyo tumeikariri, maana huisimulia kila mwezi.

Akatandika mifuko mitupu ya unga, akaleta beseni la maji. Tukavua, tukakanyaga mmoja mmoja. Wenzangu wote tisa walikuwa na upinde. Mimi nikaacha alama kama kipande cha ubao.

"Kachukue vitu vyako, Bata."

Nilitaka kulia, ila fundo la aproni lilinigomea, nikabaki nahangaika nalo.

Mama wa usafi, ambaye huongea labda mara mbili kwa wiki, akaegemeza ufagio ukutani. "Bosi, sheria ni msumeno. Na wewe kanyaga."

Bosi akacheka. Akavua viatu kwa madaha, akachovya mguu, akakanyaga. Akatazama. Akaufuta, akachovya upya, akakanyaga tena.

Bapa. Na kidole gumba kimewaegemea wenzake, vilevile kama kwenye unga.

"Mimi nilifaulu jeshi," akasema polepole.

"Lini?" akauliza mama wa usafi.

"Miaka thelathini iliyopita."

Kumbe upinde huanguka hata ukubwani, kano zikichoka na uzito ukiongezeka. Goti lilimuuma miaka miwili, yeye akilaumu ngazi. Akakiri kwamba jana yake mchana aliingia ghalani, akavua viatu, akatembea kidogo kuipumzisha miguu. Alikumbuka vizuri kabisa. Ila alipouona ule unyayo alijua kuna mwingine aliyeingia, kwa sababu wa kwake una upinde.

Nikamuuliza, "Sasa bosi, nani anaondoka leo?"

Akavaa viatu, akaangalia saa, akasema turudi kazini, donge limeshaumuka.

Ndugu msomaji, mwili ukibadilika haukuandikii barua. Ukitaka kumpima mwenzako, anza kujipima wewe, tena kwa mguu ulio nao leo. Ule wa ujanani ulishaondoka, na haukuaga.