Panga Nne na Hakuna Mganga

Ipo Jumapili moja ya mtaani kwetu Bel-Air ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Binamu yetu Serge alikuwa amepata kitabu cha mchezo wa mashujaa: yeye anasimulia mapango na majitu, sisi tunachagua mashujaa wanne, na dadu inaamua nani anapona. Wachezaji tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Mado, kila mmoja na mashujaa wake wawili. Mado alikuwa anasoma shule ya bweni Kolwezi, na kesho yake asubuhi angerudi huko. Kwa hiyo siku ilikuwa hiyo tu.

Mado alitaka mganga wa kutibu majeruhi. Nilimcheka.

"Infirmière wa nini? Tunaenda kupigana, hatuendi dispensaire."

"Hata mumoja tu, yaya," akasema, akiniita mkubwa wake kama kawaida.

"Hapana. Bote bapiganaji."

Nikaandika kwa mkono wangu: upanga, upanga, upanga, upanga. Nilivyoipenda karatasi ile! Hatukumaliza hata pango la kwanza. Hakuna aliyejua kuona mtego, jiwe likaanguka, wawili wakalala chini, na hakuna aliyejua kufunga kidonda. Waliobaki jitu liliwala huku wakikata hewa gizani.

Mado akakunja karatasi yake. "Niende kupanga valizi," akasema, akalitazama sanduku lake la safari. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Baba Mukubwa Ilunga, kaka wa baba yetu, alikuwa ameketi mlangoni na redio yake. Alikuwa amechimba shaba chini ya ardhi miaka mingi. Ninampenda mpaka leo kwa sababu hakutucheka. Alizima redio, akaomba karatasi yangu, akaisoma polepole kama mtu anayesoma barua kutoka mbali.

"Nani anagonga plafond?" akauliza.

Hatukuelewa ni dari gani.

"Kule chini, muntu wa kwanza kuingia haikuwa mwenye nguvu. Ilikuwa Kazadi, mufupi, mwembamba, na chuma yake murefu. Anagonga jiwe ya juu, anasikiliza. Kama inalia muzuri, tunapita. Kama inalia bovu, siye bote na misuli yetu tunamungojea." Akanirudishia karatasi. "Weye umeweka misuli ine. Mwenye kusikiliza iko wapi?"

Nikafuta. Mado akarudi mezani, akapata mganga wake na mwingine wa vitabu vya uchawi. Mimi nikabaki na upanga mmoja, na wa pili nikamchukua mpelelezi, yule mwembamba wa kutangulia na kugonga kuta. Tukaanza upya, tukavuka mapango matatu. Katika la nne, mtu wangu wa upanga akaanguka. Mado akapuliza dadu, akarusha, akamponya.

"Amuka, yaya," akasema. "Lakini kwanza sema pardon."

Nikaomba msamaha, mbele ya Serge na mbele ya Baba Mukubwa, na sikujutia.

Sasa mwanangu, wewe na wenzako mtakapokaa kuchagua mashujaa wenu wa kwanza, usianze na anayepiga zaidi. Uliza nani atatangulia kuangalia, nani atawatibu, nani anajua msiyoyajua, ndipo mumpe mtu upanga. Na yule anayeomba kwa sauti ndogo, msikilize mapema. Mara nyingi anaitaka kazi ambayo ninyi wengine hamkuiona. Mungu akupe wenzako wasiofanana na wewe, mwanangu, na siku watakapokuokoa akupe moyo wa kufurahi.