Kizingiti Kisichokauka

Ethel alianza kulifagia lile kanisa la zamani, nje kidogo ya Makote, akiwa mwali. Sasa ana mvi. Kila asubuhi hukuta kizingiti kimelowa. Hata kiangazi, watu wakihangaika na ndoo uwanda mzima, lile jiwe lilitoa jasho. Wazee wa kanisa walisema ni chumvi. Wazee nao, kwa kusema!

Ethel alijua sababu. Bibi yake, aliyemrithisha jina, alikuwa akipanda na mtungi wa maji kutoka bondeni wakati kanisa likijengwa. Siku moja uchungu ukamshika njiani, akajifungua mtoto asiye na pumzi. Hakubatizwa, kwa hiyo makaburi ya misheni hayakumpokea. Wanawake wakamfukia kwenye msingi, pale mlangoni, wakamwagia maji ya mtungi uleule. Wanaume hawakuambiwa, na hata leo hawaambiwi. Ni mambo ya kike.

Sasa Padri Charles alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu katapila litakuja kulibomoa, lijengwe kanisa jipya. Ethel hakujaliwa mtoto, lakini alipowaza yale meno ya chuma yakimfukua yule mtoto, aliweka ufagio chini. Akaenda kwa Bi Winfrida, mkunga wa zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Kamwite."

"Mimi? Mama yake si mimi."

"Yeye atajuaje? Mama anayemjua anaitwa Ethel, na wewe ndiye somo yake. Mwite, uondoke, usigeuke nyuma."

Jumapili, watu walipotawanyika baada ya ibada, Ethel alipiga magoti mlangoni. Aliona aibu, mwanamke mzima kuongea na jiwe.

"Mwanangu, mimi mama yako Ethel. Twende nyumbani."

Akaondoka. Hajafika mbali akasikia nyuma yake miguu midogo yenye maji, chap, chap, kwenye vumbi. Kumbe huko chini alishajifunza kutembea. Nywele zilimsisimka Ethel, lakini hakugeuka.

Jumatatu katapila lilipochimba msingi, chini ya mlango palitimka vumbi tupu. "Umeona, dada Ethel?" Padri akacheka. "Pakavu kabisa!"

Ethel alirudi kwake, akakuta kizingiti chake mwenyewe kimelowa. Aliogopa, tena akafurahi, asijue kipi kilizidi.

Sauti ndogo ikaita kutoka ndani: "Mama!"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Abee," akaitika, akaingia.