Bosi Aliyetufungisha Wote

Kama kuna kitu kilichotaka kunitoa roho nilipoanza kazi Thika, miaka ile ya tisini, ni wema wa bosi. Kiwanda kilishona mashati ya kupeleka ng'ambo. Mimi nilikuwa mgeni kwenye cherehani, na bosi mwenyewe, mzungu, alikuwa mgeni Kenya. Nilipewa hadi mwisho wa mwezi: nikishindwa kushona kola inyooke, nirudi kukaa bure kwetu Makongeni.

Bahati yangu ilikuwa mama mmoja wa Gatongora, kule Ruiru, aliyekaa cherehani ya jirani. Saa nne chai ikiletwa, alishika kikombe kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanielekeza kola. Mimi sikunywa. Ilikuwa Ramadhani, na chumba kizima Mwislamu nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyejali, hata mimi.

Bosi akajali. Asubuhi moja alisimama mbele yetu, uso umejaa huruma, akatangaza kwamba kwa heshima ya dada yetu anayefunga, hakuna chai mpaka Idi. Akanipigia makofi. Peke yake.

"Ngai! Mimi na Ramadhani wapi na wapi?" mama wa Gatongora akasema. "Nimetoka kwangu asubuhi na tumbo tupu nikijua chai iko huku!"

Akanigeuzia mgongo. Kola zangu zikarudi kupinda, msimamizi akawa ananirudishia moja baada ya nyingine, na hakuna aliyenionyesha kosa liko wapi.

Nilienda ofisini kuomba chai irudishwe. Bosi akatabasamu, akaniambia nisione haya, sisi ni familia moja. Nikaenda tena. Akanisifu kwa unyenyekevu. Jamani! Mara ya tatu hasira zikanipanda, saumu au si saumu.

"Nimefunga mimi! Hao hawajafunga! Wape chai yao kabla sijakosa kazi!"

Akapepesa macho. "Kwa hivyo chai haikuudhi?"

"Wewe ndiye unaniudhi!"

Ofisi ilikuwa ya mbao nyembamba, kila mtu alisikia. Nilitoka nikiwa na hakika nimejifuta kazi mwenyewe.

Kesho yake saa nne birika likaingia. Mama wa Gatongora alimaliza kikombe bila kunitazama, akajimiminia cha pili, ndipo akasogeza kiti chake karibu na changu, akaniita msichana kwa Kikuyu chake.

"Leta hiyo kola, kairitu. Wewe ukifutwa, Kwaresma ikija nani atamwambia huyu?"