Fundi wa Nyuma ya Pazia

Duka la Fundi Saa lilitosha meza moja na viti viwili, na nyuma yake palining'inia pazia la maua yaliyofifia. Mbele ya pazia alikaa mzee mwenyewe, kioo cha fundi kimebanwa jichoni, bisibisi mkononi. Alipendeza kumtazama. Tatizo ni kwamba jicho lile, na mwenzake pia, yalikuwa hayaoni ila mwanga na kivuli, mwaka wa tisa huo. Kila saa iliyotoka mle ikitembea ilitengenezwa nyuma ya pazia na binti yake, mwanamke wa miaka arobaini na moja ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kupika chai. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hawakututuma tuulize vimeundwa na nani.

Ilianza kama jambo la wiki mbili. "Nishikie kidogo, mama, mpaka nipate dawa ya macho," baba alimwambia, kwani alimwita mama tangu utotoni, kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake, mama wa mzee. Dawa haikufaa kitu. Wateja nao walikuwa wakali: saa yangu haiguswi na mtu mwingine, nataka mkono wa mzee. Basi zile wiki zikawa miaka, na binti akabaki mle ndani ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Jumatatu moja akaingia bwana mmoja mwenye miwani, mkuu wa karakana ya jumba la makumbusho la mji wa mbali. Akaweka mezani saa ndogo ya shaba aliyoiokota kwenye mitumba, imepakwa rangi ya dhahabu ya ovyo mpaka haijulikani ni nini.

"Shikamoo mzee. Nimepita maduka sita, wote wananiambia nitupe. Sasa sikiliza. Natafuta fundi wa kukaa na saa zetu. Kazi ya kudumu, nyumba ipo. Atakayeifanya hii itembee na kuniambia ni kitu gani, huyo ndiye wangu."

Nyuma ya pazia binti aliweka bisibisi chini asikilize vizuri. Mgeni alipotoka, baba akauliza, "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi itengeneze vizuri."

Hiyo haikuwa ruhusa. Lakini mtu akitaka sana jambo, hata kikohozi hukisikia kama ndiyo, na binti alilala siku hiyo amekwisha kupanga nguo za kuchukua na jirani wa kumwangalia baba.

Siku tisa aliihangaikia ile saa. Aliikwangua rangi polepole kwa kijiti, na chini yake likatokea daraja la matao matatu, na kwenye kitako maandishi madogo: ukumbusho wa kufunguliwa daraja, kwa wageni waalikwa. Kumbe ilikuwa zawadi ya sherehe. Alipoifungua akacheka peke yake. Ndani mlikuwa na kinyundo kidogo kisicho na kengele ya kugonga, maana yake mashine haikuwa ya saa hiyo. Fundi fulani wa zamani aliichomoa kwenye saa ya kuamshia watu na kuisukumiza humo. Na mjanja mwingine aliimwagia mafuta ya cherehani, ile springi nyembamba ikagandamana. Binti aliiosha kwa benzini, akaitenganisha mzunguko kwa mzunguko kwa ncha ya sindano, pumzi ameibana.

Ilipoanza kutembea, baba aliinamisha sikio juu yake. "Inachechemea. Tiki ndefu kuliko taki." Binti akarekebisha. "Bado." Akarekebisha tena. Mara ya tano mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Binti akampa habari yote ya saa ile, kinyundo na daraja, naye akairudia kama mtoto anayekariri somo.

Siku ya mgeni kurudi, binti alisugua kucha mpaka grisi ikatoka, akavaa gauni lake zuri, akasimama nyuma ya pazia akingoja kuitwa.

Baba alieleza yote bila kukosea. Mgeni alifurahi hata akapiga meza. "Mzee, twende kwetu!"

"Mimi samaki nimekwisha kauka, bwana. Hanikunji mtu."

"Basi yupo uliyemfundisha?"

Mkono wa binti ulikwisha kulishika pazia.

"Hakuna," baba akasema. "Nina binti, ndiye hunipikia chai." Kisha kwa sauti: "Mama! Tuletee chai."

Alitoka na sinia, na hasira ilikuwa imempanda kweli. Alinuia kulitua na kusema: springi, mafuta ya cherehani, siku tisa, miaka tisa. Mgeni mwenyewe akamfungulia njia. "Na wewe dada, kazi ya baba hukujifunza?"

Mkono wa baba ulikuwa juu ya meza, unatafuta kikombe. Ulikipita, ukaenda ukingoni, vidole vikashika hewa. Mgeni alikuwa anageuka kutazama. Binti akakisogeza kikombe mpaka kikagusa vidole vile.

"Mimi saa sizijui," alisema. "Hizo za baba."

Mgeni akaaga, akaondoka na saa yake na masikitiko yake. Mzee akanywa chai mpaka ikaisha.

"Ahsante, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Binti hakuuliza ahsante ya nini. Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba baba alijua alichomnyima, na alijua pia kwamba asingesema. Alikusanya vikombe akarudi ndani, akalia bila sauti, kwa sababu mteja mwingine alikwisha ingia, na baba alikuwa akimwahidi kwamba saa yake itakuwa tayari Ijumaa.